Mtoto Hajui Kungoja

Maneno haya niliyasema mbele ya kina mama wa mtaani kwetu Kisauni, Mombasa, Jumamosi moja baada ya alasiri. Walioshindwa kufika waliniomba niwaandikie, nami nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Asalaam aleikum. Na wenzangu wa makanisani, Bwana asifiwe. Hamjambo nyote.

Kwanza nawashukuru mliokuja na watoto. Nawaona pale nyuma mmekaa karibu na mlango, ili mtoto akianza kulia mpate kutoka upesi. Namna mlivyokaa ndivyo nilivyoishi mimi miaka minane nikipika mahamri: nusu niko mekoni, nusu niko kwa mtoto, na kila upande unaniona nimeuacha.

Niliombwa nije niseme jinsi ya kusawazisha biashara ya nyumbani na ulezi wa watoto. Neno hilo, kusawazisha, limenisumbua wiki nzima. Pale Marikiti muuza viungo husawazisha mizani kwa mawe, huku jiwe, huku bizari, mpaka vipimo vilingane. Mimi sikupata kulinganisha hata siku moja. Siku mtoto ana homa, biashara haina uzito wowote. Siku ya kulipa kodi ya nyumba, mtoto anakula alichokuta. Kwa hivyo leo sitasema habari ya mizani. Nitasema jambo moja ambalo nililipia ndipo nikalijua: mtoto hajui kungoja, basi itafute kazi inayojua kungoja.

Nilianza mahamri mwaka 2012. Tulikuwa tukikaa Kibokoni, Mji wa Kale, chumba na ukumbi, mwanangu wa pili ana miezi mitano. Babake alikuwa kibarua bandarini, siku ana zamu, siku hana. Nazi tulikuwa nazo za kutumiwa kutoka shamba, karai alinipa mamangu, nikaona mtaji umeshapatikana.

Wapishi wa mahamri mnajua kazi ile. Unga unakandwa usiku kwa tui zito, iliki imetwangwa pamoja na sukari, hamira imeamshwa kwa maji ya uvuguvugu. Unafunika kwa leso, unalala huku unahesabu saa. Alfajiri saa kumi unaamka, unakuta unga umeumuka mpaka umeinua leso. Unakata madonge, unasukuma, unakata vipande, karai liko motoni. Hamri likiingia kwenye mafuta yaliyopata moto sawasawa linazama, linaibuka, linafura kama mto. Mafuta yakiwa baridi linayanywa. Yakizidi moto linakuwa jeusi nje na bichi ndani. Huondoi macho pale.

Na saa hiyo isiyokubali uondoe macho ndiyo saa ya watoto. Huyu anatafuta soksi, yule amekojoa kitandani, mwalimu anataka watoto wawe wamefika mapema, na mteja anataka mahamri yake saa kumi na mbili na nusu, kabla matatu haijamwacha. Hamri la saa tatu hakuna anayelitaka. Biashara yenyewe ilikuwa na saa mbili tu za kuishi kila siku, na saa hizo mbili zilikuwa zile zile ambazo wanangu walinihitaji kuliko saa nyingine zote. Hilo sikuliona. Kila nikishindwa nilidhani mimi ni mama mvivu, nikaamka mapema zaidi.

Mwaka 2014 mwanangu yule wa kiume alikuwa na miaka miwili. Jiko nililiweka chini sakafuni, kama wengi wetu, nami nimekaa kwenye kigoda. Alitoka chumbani bado ana usingizi, anakuja kwangu tu, anataka kupakatwa. Akanyoosha mkono ajishike, akashika sikio la karai.

Mafuta yalimmwagikia mkono wa kulia, kuanzia kiwiko mpaka vidoleni. Nilivyofanya baadaye nitawaambia kwa sababu nataka msifanye. Jirani mmoja alikuja na dawa ya meno, mwingine na ute wa yai. Nikampaka dawa ya meno. Tulipofika hospitali ilibidi yote ioshwe itoke kabla ya kumtibu, na kilio cha kuoshwa kilikuwa kikubwa kuliko kile cha kuungua. Muuguzi akanifundisha, nami nawafundisha ninyi: mtoto akiungua, mwagilia maji ya kawaida yanayotiririka, dakika 20, bila haraka. Mvue nguo na bangili kabla mkono haujavimba, lakini nguo iliyoshikana na ngozi iache. Funika kwa kitambaa safi, umpeleke hospitali. Usipake dawa ya meno, yai, unga wala samli, na barafu usimwekee.

Dakika 20 za maji ni rahisi kusema. Sisi ni watu wa Mombasa. Maji yetu mengine husafiri zaidi ya kilomita 200 kutoka chemchemi za Mzima, na bado mfereji wa nyumbani unaweza kukauka wiki nzima, tukangoja mkokoteni wa mitungi. Siku ile mfereji wangu ulikuwa mkavu. Ndipo nikaweka sheria ambayo mpaka leo haijavunjwa nyumbani kwangu: kando ya mlango wa jikoni kuna mtungi wa lita 20, umejaa, na kata juu yake, na maji yale hayapikiwi wala hayaogewi. Ni ya mtu atakayeungua. Kila wiki tunayamwagia maua, tunajaza mengine. Nawaomba, mkitoka hapa, kabla ya lolote, kila mmoja auweke mtungi wake.

Mkono ulipona. Una kovu, na vidole viwili havinyooki vizuri. Watu walisema mama hana uangalifu, anapenda pesa. Maneno hayo niliyabeba miaka, na pengine hapa kuna mwenzangu anayeyabeba ya kwake. Dada yangu, hukukosa uangalifu. Ulikuwa mtu mmoja kwenye kazi mbili kwa saa moja. Nililipandisha jiko juu ya meza ya zege, nikatia kizuizi cha mbao mlangoni, nikaendelea na mahamri, maana nyumba ilihitaji ile pesa.

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Kilo 2 za unga zilinipa mahamri 70 hivi, nayo nilipofikia kuuza kwa shilingi 10, ilikuwa shilingi 700. Toa unga, sukari, nazi, hamira, iliki, mafuta na makaa. Nilikuwa nabaki na 200, siku njema 220. Lakini kuna mtu sikumhesabu, naye ni binti yangu mkubwa. Yeye ndiye alibeba ndoo ya mahamri nyumba kwa nyumba kabla ya shule. Alikuwa na miaka minane, tisa. Alifika darasani na sketi ina mafuta, somo la kwanza limeisha. Mwalimu wake aliniita, hakunigombeza, alinifungulia tu daftari la hesabu la mtoto. Kurasa za asubuhi zote zilikuwa nyeupe. Faida yangu ya 200 ilikuwa inatoka kwenye kurasa zile.

Mtoto kusaidia nyumbani ni malezi, mimi silipingi. Wangu wanabandika vibandiko kwenye vikopo, wanahesabu chenji, na hesabu ya chenji imewafaa kuliko mambo mengi. Lakini biashara ikifika mahali ambapo bila mtoto haisimami, hapo mtoto amekuwa kibarua asiye na mshahara. Nilimwomba binti yangu msamaha. Wazazi wa zamani hawakutuzoesha kuwaomba watoto msamaha, nami niliona tabu kutamka, lakini nilitamka.

Kilichonitoa kwenye mahamri ni corona. Shule zilifungwa Machi 2020, watoto watatu wote wako ndani, mdogo ana miaka mitatu. Halafu Mei 6 ikatangazwa kwamba Mji wa Kale unafungwa, hakuna kuingia wala kutoka, na ilikuwa katikati ya Ramadhani. Mnajua Ramadhani kwa muuza vyakula ni nini. Nilikuwa na maagizo ya sambusa na kaimati ya watu wa Nyali na Tudor, nyama imesagwa, manda zimekatwa, na mlango umefungwa. Tulikaa hivyo mwezi mzima. Idd ikatukuta ndani.

Sambusa tuligawana na majirani. Lakini kwenye kabati nilikuwa na ndoo mbili za achari, ya ndimu na ya maembe niliyoyaanika tangu msimu wa maembe. Nilizitengeneza za kula wenyewe. Mtaa ulipofunguliwa Juni, sina hata shilingi ya unga, achari ile ilikuwepo pale pale, nzima, na imekolea zaidi. Iliuzwa siku nne ikaisha. Nikakaa barazani nikajiuliza: ni kitu gani hiki kilichoningoja mwezi mzima bila kuharibika, wakati hamri halinipi hata saa tatu?

Tangu hapo napika vitu vinavyongoja. Achari, mabuyu, vileja na visheti vya arusi. Mabuyu yananichukua muda wa saa moja. Sukari na maji mekoni, rangi ya chakula, chumvi kidogo, pilipili ya unga, iliki. Shira ikianza kuvuta uzi natia mbegu za ubuyu, nakoroga kwa mwiko mpaka ule unga wa ubuyu unywe shira, naepua, namwaga kwenye sinia. Shira inaunguza vibaya kwa sababu inanata kwenye ngozi, kwa hivyo siipiki hata siku moja watoto wakiwa nyumbani. Naipika saa nne asubuhi, nyumba kimya. Yakipoa nayatia kwenye vikopo vyenye vifuniko, maana ile mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 28 Agosti 2017. Kikopo kikikaa kabatini wiki tatu hakinidai kitu. Mtoto akirudi na homa saa tano, nafunika sinia kwa leso, naenda naye zahanati. Sinia litanikuta.

Sisemi kila mtu apike mabuyu. Sote tukipika mabuyu hapa Kisauni hakuna atakayekula yote. Mshonaji anaweza kukata nguo usiku na kushona asubuhi. Msusi hawezi kumwacha mteja kichwa nusu, basi yeye atahitaji miadi na saa. Anayeuza mitumba mtandaoni apige picha Jumatatu zote kwa pamoja. Na mama wa mahamri ambaye ana mtu wa kumwamshia watoto, aendelee, mtaa unamhitaji, mbaazi haziliwi peke yake. Ninachoomba ni kila mmoja aiulize kazi yake: ukiachwa saa mbili, utakuwaje? Ukijua jibu ndipo utajua iwekwe saa gani.

Sasa simu. Hapa nitasema kwa uchungu kidogo. Mahamri yalinichukua alfajiri, lakini simu ilinichukua jioni, na jioni ndiyo mtoto anarudi na habari zake. Mteja anaandika saa mbili usiku, «dada, achari ya kilo bei gani», na sisi tunaona tusipojibu papo hapo atahama. Mtoto anazungumza na paji la uso wangu. Siku moja yule mdogo alinishika kidevu kwa mikono yote miwili akaugeuza uso wangu kumwelekea. Hakusema kitu. Tangu siku ile simu inaingia kabatini saa kumi na moja jioni, watoto wakitoka chuoni, yaani madrasa, na inatoka wakishalala. Nimeandika kwenye statasi yangu ya WhatsApp: maagizo ni saa tatu asubuhi hadi saa tisa. Wateja wawili walihama. Wengine wote walizoea, na wapo waliobadilisha wao saa zao za kuagiza.

Kuna walio karibu kuliko wateja. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayekuona umekaa kwenye sakafu ya nyumba yako unachambua ndimu hawezi kuona kama uko kazini. «Si yuko nyumbani tu.» Wifi yangu alikuwa akiniletea wanawe asubuhi akienda mjini. Nawapenda, ni watoto wetu. Nilimwambia, «Wifi, saa tatu mpaka saa saba mimi niko kazini kama ulivyo wewe. Saa saba walete, watakula na wenzao.» Alininunia mwezi mzima. Leo yeye ndiye ananiuzia vikopo ishirini kila wiki huko anakofanya kazi.

Na mavyaa wangu, Mungu amhifadhi. Yeye ndiye alikaa na yule mdogo asubuhi zote kabla hajaanza shule. Mwanzoni sikumhesabu hata yeye. Tunasema «mtoto yuko kwa bibi» kana kwamba bibi hana mgongo. Bibi anayelea mtoto ili wewe upike ni mfanyakazi wako wa kwanza. Nilipoanza kuweka daftari, nilitia mstari wake: dawa zake za presha, leso mbili kwa mwaka za Barabara ya Biashara, na fungu kila mwezi. Alikataa pesa mara tatu. Mara ya nne alizipokea akanunua kuku.

Na kina baba? Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 53, inasema mtoto ana haki ya kulelewa na kulindwa na wazazi wake, na wajibu wa mama na baba wa kumtunza ni sawa, wawe wameoana au hawajaoana. Nyumbani kwangu kifungu hicho kilichelewa kufika, na hakikuletwa na ugomvi. Siku moja mume wangu hana zamu, nilimwomba asirudi kulala baada ya sala ya alfajiri, akae tu jikoni anitazame mpaka saa mbili. Alikaa. Hakusema neno. Kesho yake nikasikia anawaamsha watoto yeye, na mpaka leo kuwaamsha na kuwapeleka shule ni kazi yake, zamu za usiku zikimruhusu.

Nina jambo moja la kina mama wajawazito, kisha nimalize. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya miezi 3 na mshahara kamili. Sisi tusioajiriwa na mtu, hatuna wa kutupa. Wazee wetu walimpa mzazi siku 40, analetewa uji wa pilipili manga, haguswi na kazi. Mimi nilipojifungua huyu wa mwisho, mwaka 2017, siku ya tisa nilikuwa mbele ya karai. Mgongo ule bado naulipia. Basi fanyeni hivi. Sote tunacheza mchezo wa kuchangiana pesa, kila mwezi mmoja anapokea. Mjamzito aombe zamu yake iangukie mwezi wa kujifungua, na wenzake wakubali bila kinyongo, hata kama namba yake ilikuwa ya mwisho. Wateja wake wachukuliwe na jirani kwa muda huo, na jirani awe mtu wa kuwarudisha. Na bima ya afya ya serikali, SHA, iliyoanza Oktoba 2024, mchango wake wa chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Itieni kwenye bei ya bidhaa tangu sasa, kama mnavyotia bei ya sukari. Hospitali ya mwanangu niliilipa kwa kuuza cherehani.

Nilitaka niwaonyeshe pia daftari langu, namna ninavyotenga pesa ya biashara na ya nyumbani... lakini namwona mama pale mlangoni, mwenye buibui na leso ya kijani. Mtoto amelia dakika tano sasa, naye anambembeleza kwa goti, anaona haya kusimama mbele za watu. Mwanangu, simama. Toka naye, mnyonyeshe taratibu mpaka ashibe. Na ninyi wengine kunyweni maji. Daftari liko hapa kwenye kikapu, tutalifungua akirudi.